Waranti itufunge sote: barua ya wazi kwa wakurugenzi wa kampuni zinazouza malori

Kwa: Wakurugenzi wa kampuni zinazouza malori mapya nchini Tanzania
Nakala: Tume ya Ushindani (FCC), vyama vya wamiliki wa malori, TATOA na TAMSTOA

YAH: MALORI KUKAA KARAKANA BILA MAJIBU HUKU WARANTI IKIENDELEA KUISHA

Ndugu Wakurugenzi,

Habari za kazi. Mimi ni mmiliki mdogo wa malori, mkazi wa Mbeya. Nina vichwa viwili na tela zake. Kimoja nilikinunua kipya kwa mmoja wenu, kwa mkopo wa benki, na hicho ndicho kilichonishikisha kalamu. Kilianza kupoteza maji ya rejeta kikiwa ndani ya waranti. Kikaingia karakana yenu, kikakaa wiki baada ya wiki, na katika muda wote huo hakuna aliyeniandikia hata mstari mmoja kunieleza kina tatizo gani na kitatoka lini.

Kampuni sitaitaja. Nimeongea na wenye malori wenzangu wa Tunduma, Makambako na Dar es Salaam, walionunua kwa mawakala tofauti, malori ya nembo tofauti, na kila mmoja anasimulia yaleyale: simu haipokelewi, ikipokelewa unaambiwa spea iko njiani, na ukifika mwenyewe kaunta unaambiwa msimamizi katoka. Ndiyo maana naiandika kwenu nyote.

Ninachowaomba ni kitu kimoja, na mengine yote nitakayoeleza yanaelekea huko. Karatasi ya waranti tunayosaini siku ya kuchukua gari imejaa muda na masharti kwa upande wa mnunuzi. Sevisi nifanye kwa kilomita mlizopanga, nikipitiliza waranti inakufa. Oili niweke mliyoitaja. Fundi wa nje asiguse injini. Kwa upande wenu sijaona muda wowote: hakuna siku ya kutoa majibu ya vipimo, hakuna siku ya kuleta spea, hakuna siku ya kurudisha gari. Nawaomba nanyi mjiwekee muda, kwa maandishi, kwenye karatasi ileile.

Sasa niwaeleze ilivyokuwa, maana najua taarifa zinazofika mezani kwenu kutoka karakana huwa fupi.

Dereva wangu aligundua tatizo Ruaha Mbuyuni. Wanaoijua barabara ya Tanzam, ile ya Dar es Salaam kwenda Zambia, wanajua pale palivyo. Ukishavuka Mikumi unateremka kwenye joto la bonde la Ruaha, pale kwenye wauza vitunguu, na mbele yako unakusubiri mlima Kitonga. Lori na mzigo wake linaweza kufika tani 56, uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, na mlima ule linaupanda kwa gia nzito, taratibu, huku hewa ya kupoza rejeta ikitoka kwenye feni peke yake. Dereva makini hapandi Kitonga bila kuangalia maji. Wangu aliangalia, akakuta yako chini ya alama ya mwisho, ilhali alijaza Morogoro siku hiyohiyo. Akaingia uvunguni na tochi. Hakuna tone ardhini. Mipira yote mikavu, rejeta kavu, pampu ya maji kavu, hata zulia la kabini upande wa hita lilikuwa kavu. Akasubiri injini ipoe, akalegeza kifuniko kwa tambara, polepole, hadi mvuke ukaisha, ndipo akaongeza.

Katikati ya mlima geji ya joto ikapanda, taa nyekundu ikawaka. Akasogea pembeni kadiri alivyoweza, na Kitonga hakuna pembeni ya kutosha lori. Utingo akakata matawi akayapanga barabarani, akarudi nyuma zaidi akayapanga mengine. Malori na mabasi ya Mbeya na Songea yakaanza kupenya kwa zamu kwenye njia moja iliyobaki, kwenye kona ambayo anayepanda hamwoni anayeshuka. Mimi niliyasikia hayo kwa simu, honi zikipiga nyuma ya sauti ya dereva.

Wakurugenzi, kabla hatujafika kwenye hesabu za pesa, naomba mlifikirie hilo. Lori linalochemsha haliharibikii kwenye yadi yenu yenye sakafu na paa. Linaharibikia Kitonga, linaharibikia Sekenke, mahali penye abiria ambao hawajawahi kusikia jina la kampuni yenu. Kila mara gari linapotolewa karakana na tatizo lake likiwa bado ndani, linaenda huko.

Tulikodi kichwa kingine kimalizie safari ya lile kontena hadi Lubumbashi. Langu likarudi Dar es Salaam, kwa sababu karakana zenu nyingi za mikoani huishia kwenye kubadili oili na filta. Mara ya kwanza mafundi waliongeza kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, wakabadili kifuniko cha tanki, wakanirudishia gari. Kwenye kadi ya kazi waliandika maneno matatu: "Kulanti imepungua, imeongezwa." Likapakia, likaondoka, likachemsha kabla ya Mikumi. Likarudi, wakabadili themostati, ile vali inayoruhusu maji ya moto yaende kwenye rejeta. Likachemsha tena. Safari iliyofuata nikaambiwa kwa mdomo kwamba ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na mfuniko wake wa juu, na kwamba gasketi hiyo haipo nchini, imeagizwa. Hapo ndipo kusubiri kwenyewe kulipoanza. Mara iko kiwandani, mara iko kwenye ndege, mara iko forodha. Nilipoomba namba ya oda ili nami nifuatilie, nikaambiwa hiyo ni ya ofisi.

Katika kipindi hicho nilimpigia simu fundi mmoja mzee wa hapa Uyole, ambaye amefungua injini za malori tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Hakutoa hotuba. Aliniuliza swali moja: "Mapovu kwenye tanki la maji yanatoka muda wote, au yanakoma upepo ukijaa?"

Naomba nilifafanue swali hilo kwa faida ya wasiokaa gereji, kwani baadhi ya wakurugenzi wametokea kwenye fedha na mauzo. Lori lina kompresa ya upepo inayojaza matangi ya breki. Inazungushwa na injini, inapata moto mkali, na kwenye malori mengi ya leo inapozwa na maji yaleyale ya injini. Gasketi ya kompresa ikikatika, upepo unaosindiliwa kwa ajili ya breki unapenya kwenye njia ya maji. Presha ndani ya mfumo inazidi uwezo wa kifuniko, maji yanasukumwa nje kidogo kidogo gari likiwa linatembea, yanakauka kwa joto la injini, na ukisimama kukagua hukuti kitu. Dalili zake zinafanana mno na za gasketi ya hedi iliyoungua: mapovu kwenye tanki, mipira iliyojaa na kukakamaa, maji kupungua, injini kuchemsha. Tofauti iko kwenye swali la mzee. Gesi ya silinda inavuja wakati wote injini inaponguruma. Upepo wa kompresa unapungua au unakoma pale matangi yanapojaa na gavana, vali inayodhibiti presha ya upepo, ikaiachisha kompresa kazi, ule mlio wa "pshaa" ambao kila dereva anaujua. Kanyaga breki mara kadhaa presha ishuke, kompresa ianze kujaza tena, na mapovu yanarudi. Kipimo hiki ni cha dakika chache, hakihitaji kompyuta wala kufungua nati.

Dereva alikuwa palepale yadi. Nikamwomba awashe gari mbele ya fundi wa zamu, aangalie. Akaangalia: upepo ulipojaa, mapovu yakakoma. Nikaipeleka habari hiyo kaunta ya sevisi. Jibu likawa nisubiri gasketi ya hedi. Nikaomba basi nilitoe gari nilipeleke kwa fundi mwingine kwa gharama yangu, nikaambiwa kwamba mtu wa nje akigusa kompresa, waranti ya injini nzima imekwisha. Nikasubiri, kwa sababu injini ya lori jipya ni mali ambayo mtu wa aina yangu hawezi kuinunua mara mbili.

Hatimaye alikuja mtaalamu kutoka makao makuu. Akapima, akasema ni kompresa. Gasketi yake ilikuwepo stoo yenu wakati wote ule. Kazi ilianza asubuhi ikaisha kabla ya jua kuzama, na gasketi ya silinda hedi tuliyoingojea kwa wiki zote zile haikuhitajika kabisa.

Sisemi haya ili kijana aliyekuwa zamu afukuzwe. Mafundi wenu wengi ni vijana wazuri, wametoka VETA, wametoka Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, wana hamu ya kazi. Lakini mmewaweka mahali ambapo kubahatisha hakumgharimu yeyote isipokuwa mteja. Fundi akibahatisha themostati akakosea, gari linarudi barabarani na hasara ni yangu. Akibahatisha gasketi ya hedi, gari linalala yadi na hasara bado ni yangu. Kama kungekuwa na siku maalumu ya kampuni kutoa majibu ya vipimo, vipimo vingefanyika siku ya kwanza.

Na vipimo vya upotevu wa maji vinajulikana, havina siri. Unafunga pampu ya mkono yenye geji kwenye mdomo wa tanki, injini ikiwa baridi, unasukuma hadi presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, unaondoka, unarudi kuangalia kama mshale umeshuka. Ukishuka na nje ni pakavu, maji yanaingia ndani ya injini au ndani ya kitu kinachopozwa na injini. Unachomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamefika kwenye oili. Unatumia ile dawa ya buluu inayobadilika rangi inapokutana na gesi ya moshi, kujua kama hedi inavujisha. Unaitenga kompresa. Kwenye injini zenye kipoza cha EGR, yaani cha moshi unaorudishwa ndani ya injini, unakagua na hicho. Yote haya ni kazi ya saa chache kwa karakana inayojiita ya wakala. Kompyuta peke yake haitoshi, maana gari linaweza kupoteza maji safari nzima bila kuacha namba yoyote ya kosa kwenye kumbukumbu yake, na nimeona kwa macho yangu fundi akichomeka mashine, akasoma "hakuna kosa", akafunga boneti.

Kuna jambo jingine lililoniumiza, na hili linawahusu madereva zaidi. Nilipouliza habari ya fidia, niliambiwa kwamba dereva aliongeza maji ya kawaida badala ya kulanti, kwa hiyo hata hiyo waranti walinihurumia tu. Naomba tulizungumze hili kwa haki. Najua umuhimu wa kulanti, na ninawasomesha madereva wangu. Injini nyingi za malori ya dizeli zina laina, yaani kuta za silinda ambamo pistoni hutembea, zinazoguswa na maji moja kwa moja. Mlipuko wa dizeli unazitikisa, vipovu vidogo vinatokea na kupasuka kwenye ukuta wa laina, na miezi ikienda vinauchimba hadi unatoboka. Dawa zilizomo kwenye kulanti ndizo zinazoukinga. Maji matupu hayana kinga hiyo, tena yanaleta kutu na magamba. Kwa hiyo anayedhani kulanti ni kwa ajili ya nchi za barafu tu anapotea.

Vilevile najua kazi ya kifuniko. Huku Mbeya, kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, maji yaliyo wazi yanachemka kabla hayajafika nyuzi 95. Mfumo uliofungwa vizuri, kifuniko chake kikishika presha ya bar 1, unayazuia maji yasichemke hadi karibu nyuzi 120 kule usawa wa bahari. Gari linalovujisha presha linakosa kinga hiyo mlimani, mahali linapoihitaji zaidi.

Lakini mtu aliye katikati ya Kitonga, taa nyekundu imewaka, dumu la kulanti alilobeba limekwisha kwa sababu ya tatizo ambalo hata karakana yenu baadaye ilishindwa kulitambua, mnataka afanye nini? Vitabu vya magari, nanyi mnavyo, huruhusu maji safi kwa dharura, kisha mchanganyiko urekebishwe mapema. Ndivyo alivyofanya. Aliyaongeza yakiwa safi, injini ikiwa imepoa, akaripoti siku hiyohiyo. Kumgeuzia kibao mtu aliyeiokoa injini yenu ni kumfundisha dereva mwingine asiripoti.

Tena kulanti yenyewe mnaiuza wapi? Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na ile mnayoitambua kwenye kitabu ni shida kuipata ukishaondoka mjini. Kando ya barabara kuna madumu ya maji ya rangi, ya kijani, mekundu, ya buluu, na rangi haimwambii mtu chochote kuhusu kilichomo, maana kila mtengenezaji huchagua rangi yake. Wekeni kulanti yenu Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya na Tunduma, kwa bei iliyobandikwa, na mafundi wenu wa mikoani wawe na kile kipimo kidogo cha kuangalia nguvu ya mchanganyiko. Hapo mtakuwa na haki ya kumuuliza dereva aliweka nini.

Sasa pesa. Lori likilala yadi, marejesho ya benki hayalali. Bima inahesabika. Mshahara wa dereva unalipwa, na ukimwambia akae nyumbani bila mshahara utampoteza kwa mwenye lori mwingine. Kontena likichelewa kurudi tupu, kampuni ya meli inadai demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena. Mwenye mzigo aliyekuwa ananipa safari mfululizo alitafuta mtu mwingine, na simlaumu, naye ana mteja wake Lubumbashi. Kampuni kubwa yenye malori mia inaweza kuvumilia kichwa kimoja kilale. Wenye lori moja au mawili, ambao ndio mnaotufuata kwa matangazo na mikopo ya kuanzia, kichwa kimoja kikilala ni nusu ya maisha yetu au maisha yote.

Na wakati huo huo waranti inaendelea kuisha. Waranti nyingi za malori mapya zinahesabu miezi au kilomita, lolote litakalotangulia. Gari likiwa limesimama yadi kilomita hazisogei, ila miezi inasogea. Maana yake kadiri mnavyochelewa, ndivyo mnavyokaribia kuwa huru na wajibu wenu. Sidhani kama kuna mkurugenzi aliyekaa chini akapanga iwe hivyo, lakini ndivyo karatasi ilivyoandikwa, na karatasi inabadilishwa na ninyi.

Wenzetu wa Afrika Kusini wamekwisha kulifanyia kazi. Sheria yao ya kumlinda mlaji ya mwaka 2008 inampa mnunuzi miezi sita ya kurudisha bidhaa yenye kasoro, achague itengenezwe, abadilishiwe au arudishiwe fedha. Na ikitengenezwa kisha kasoro ikajitokeza tena ndani ya miezi mitatu, muuzaji anatakiwa kubadilisha au kurudisha fedha. Kisha tarehe 1 Julai 2021 ikaanza miongozo ya Tume yao ya Ushindani kuhusu matengenezo na vipuri vya magari, inayomruhusu mwenye gari kwenda kwa fundi huru bila kupoteza waranti yote kwa sababu hiyo tu. Baadhi ya nembo mnazouza hapa zinauzwa na kule. Kama zinaweza kuishi na masharti hayo Johannesburg, zinaweza kuishi nayo Dar es Salaam.

Kwa ndugu zetu wa Tume ya Ushindani, ambao nimewapa nakala: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imewapa jukumu la kumlinda mlaji, na mna kazi ya kupitia mikataba ya walaji inayoandaliwa na upande mmoja. Karatasi ya waranti ya lori ni mkataba wa aina hiyo. Mnunuzi hashauriwi neno hata moja. Anaonyeshwa mahali pa kusaini. Zipitieni. Muulize kila karatasi: wajibu wa muuzaji una muda gani? Na mtamke wazi kwamba msafirishaji mdogo aliyenunua lori moja naye ni mlaji anayestahili kinga yenu, maana tukienda kulalamika tunaambiwa sisi ni wafanyabiashara, tujitetee wenyewe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inadai bidhaa ifae kwa kazi iliyonunuliwa, lakini mtu mwenye lori moja lililolala, mwenye deni benki, anapata wapi nguvu ya kwenda mahakamani kuithibitisha?

Nirudi kwenu Wakurugenzi. Muda ninaouomba hauwezi kuwashinda. Gari likiingia karakana kwa kupoteza maji, mteja apewe ndani ya siku tatu za kazi karatasi yenye vipimo vilivyofanyika, presha iliyosomwa, kilichoonekana na kinachodhaniwa, imesainiwa na fundi mwenye jina. Spea za mfumo wa kupoza injini, yaani vifuniko, mipira, themostati, pampu za maji, gasketi za kompresa na za silinda hedi kwa kila aina ya injini mnayouza, ziwe stoo nchini, kwani hamkubali kuuza gari bila tairi za akiba na hizi nazo ni za lazima. Spea ikilazimika kuagizwa, mteja apewe namba ya oda na tarehe. Tarehe ikipita, awe na haki ya kupeleka gari kwa fundi mwingine anayetambulika, waranti yake ikiwa salama, au apewe kichwa cha kuazima. Siku zote gari lilizokaa kwenu kwa kosa la waranti zirudishwe mwishoni mwa waranti. Na injini iliyochemsha ikiwa mikononi mwa uchunguzi wenu ikaguliwe hedi, kwa sababu joto huipinda au kuitia ufa, na matokeo yake huonekana miezi mingi baadaye, wakati waranti imeshafungwa na mtu wa kumuuliza hayupo.

Mkiona siku tatu hazitoshi, semeni ngapi zinatosha. Nitazikubali kuliko kukosa kabisa.

Lori langu limerudi barabarani, linapanda Kitonga na geji ikiwa mahali pake. Kwenye ofisi ya mmoja wenu kuna barua yangu niliyoipeleka kwa mkono na kugongewa muhuri wa kupokelewa, ikiomba mambo mawili: hedi ya injini ile ikaguliwe kwa gharama yenu na matokeo yaandikwe, na wiki ambazo gari lilikaa yadi kwa ajili ya spea isiyohitajika ziongezwe kwenye waranti yangu. Mpaka naandika haya haijajibiwa. Aliye nayo anaifahamu. Naomba ajibu hiyo kwanza, kwa maandishi, kisha nyote mkutane kuhusu hoja hizi nyingine.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mmiliki wa malori,
Mbeya